Kiswahili cha Kimisagara kinahitaji kitabu



Mtoto wa Kimisagara, mtaa wa Kigali, hutaja saa kwa Kiswahili kabla hajajua kuandika jina lake. Muulize shule inaanza saa ngapi, atakwambia saa moya, au saa mbiri. Akiingia darasani hukaa mbele ya ameza, hushika ikaramu, hufungua igitabo, na upepo ukizidi huambiwa afunge idirishya. Maneno hayo yalipanda milima hii na misafara ya wafanyabiashara na askari, na Mjerumani Richard Kandt alipoianzisha Kigali mwaka 1907, Wajerumani walikuwa wakikitumia Kiswahili katika utawala wao. Kinyarwanda kikayapokea, na leo ni maneno ya nyumbani.

Jioni hii nataka tuzungumze juu ya vifaa. Mwalimu wa shule ya msingi hapa Kimisagara, akitaka kuwafundisha watoto Kiswahili, anahitaji kuwa na nini mkononi? Bunge la Rwanda lilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Sekondari kina vitabu vyake. Lakini mtihani wa taifa wa darasa la sita haukiulizi, na somo lisiloulizwa kwenye mtihani husahauliwa siku ya kununua vifaa. Kwa hiyo mwalimu anayekusanya watoto wa miaka minane au tisa baada ya masomo, akawafungulia klabu ya Kiswahili, anaanza na chaki na sauti yake tu. Huyo ndiye ninayemsemea leo.

Wahisani wenye nia njema humletea chati kutoka Nairobi au Dar es Salaam. Ni chati za kupendeza: jahazi, mnazi, pweza, bandari. Shida ni kwamba mtoto wa hapa hupewa vitu viwili vigeni kwa wakati mmoja, picha asiyoijua na neno asilolijua. Chati ya kwanza ingekuwa ya mtaa wake. Ionyeshe nyumba zilizopandana mlimani, ngazi za kushukia barabarani, pikipiki za abiria, soko la Kimisagara, mama mwenye kikapu cha parachichi kichwani, na chini kabisa mabasi ya kituo cha Nyabugogo yanayokwenda Kampala na mpakani Goma. Jahazi na pweza vitakuja baadaye, na mtoto atavifurahia zaidi akiwa tayari ana maneno ya kuvielezea.

Na chati hiyo haihitaji kununuliwa. Walimu wa Rwanda wana ufundi wao ambao mimi nauheshimu sana: gunia la mchele hufuliwa, hufumuliwa mshono, huanikwa, kisha huchorwa kwa rangi. Halichaniki upesi kama karatasi, hukunjwa likaingia kwenye mfuko, na kwenye shule ya zamu mbili, asubuhi kundi hili na mchana kundi lile, mwalimu hulitundika na kuliondoa bila kuharibu ukuta. Gunia moja la mtaa, lenye picha nyingi na bila neno hata moja lililoandikwa, linatosha mazungumzo ya muhula mzima.

Ukitazama orodha za vifaa vya kufundishia Kihispania watoto wa Marekani, utakuta zinaanza na rangi, namba na salamu. Zinafaa kwa mtoto anayesogelea lugha kutoka mbali. Mtoto wetu anatokea jirani. Katika namba ana kabiri, gatatu, kane, gatanu, umunani na icumi, na sikio lake linazitambua mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi mara tu anapozisikia. Zinazobaki ni moja, sita, saba na tisa. Sasa rudi kwenye saa. Moja anayo, kwa sababu husema saa moya. Sita na saba anazo pia, husema saa sita na saa saba. Tisa peke yake ndiyo itakayomsumbua. Kwa hiyo, mwalimu, kabla ya chati ya namba kata boksi, utengeneze uso wa saa na mishale yake miwili. Watoto watagundua wenyewe kwamba wamekuwa wakihesabu Kiswahili muda wote, na furaha ile itakusaidia wiki nyingi.

Ngeli ni hivyo hivyo. Anayesema umuntu na abantu, ikintu na ibintu, ameshapatanisha maneno maisha yake yote. Jedwali la ngeli mbele ya mtoto wa darasa la tatu ni mzigo bure. Mpe vipande vya boksi kutoka sokoni, kamba, na vibanio vya nguo: kitu, vitu, kikubwa, vikubwa, kimeanguka, vimeanguka. Apange sentensi yake kwenye kamba, wenzake waisome kwa sauti, waibomoe, wapange nyingine.

Penye kazi ya kweli ni kwenye L na R. Kinyarwanda hakizitenganishi kama Kiswahili kinavyozitenganisha, na mtoto atasema kurara badala ya kulala kwa sababu kwao kurara, yaani kupitisha usiku mahali, ni neno zuri kabisa. Lakini Kiswahili kina kula na kina kura. Kina mahali na kina mahari. Hapa zinahitajika kadi za jozi: moja ina sahani ya ugali na maharage, nyingine ina sanduku la kura. Mwalimu anatamka, watoto wanainua kadi. Sikio litangulie, ulimi utafuata. Na tafadhali sana, mtoto asichekwe. Anayechekwa lafudhi hufunga mdomo, na mdomo uliofungwa hakuna kifaa kitakachoufungua.

Lakini vipi kama mwalimu mwenyewe hakufundishwa Kiswahili? Wapo wengi, na si kosa lao. Wengi wa waliosoma kabla ya 2008 walifundishwa kwa Kifaransa au Kinyarwanda, kisha wakaagizwa kuhamia Kiingereza. Kwa hao, sauti ya mtu mwingine darasani ni kifaa cha lazima, na sauti hiyo inaweza kutoka kwenye redio hii hii. Zanzibar kulikuwa na vipindi vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wadogo: redio inauliza, inanyamaza, watoto wanajibu, redio inaendelea. Kenya ilifundisha Kiingereza kwa njia hiyo miaka ya 1980. Nasi shule zilipofungwa mwaka 2020, watoto walisomeshwa hewani na Radio Rwanda. Njia tunaijua, hatujaitumia tu kwa Kiswahili cha watoto wadogo. Dakika kumi na tano kwa wiki zingemsaidia mwalimu huyo kuliko semina ya siku mbili.

Hata hivyo, kama shule ina fedha ya kitu kimoja tu, nasema inunue vitabu vya hadithi. Si kitabu cha kiada. Nasema hadithi, kurasa kumi na sita, picha kubwa, sentensi mbili tatu chini. Kiswahili cha Kimisagara ni cha mdomoni: cha kondakta, cha dereva wa lori la Dar es Salaam, cha jirani aliyekulia Bukavu, Kongo, au Biryogo hapa Kigali. Mtoto anakisikia, wala hakioni kimeandikwa. Na kisichoandikwa, shule haiwezi kukikuza. Kitabu kimoja kwa watoto wawili, wasome bega kwa bega, kitafanya kazi zaidi kuliko kompyuta moja iliyofungiwa ofisini.

Vitabu vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto wa Tanzania umekuwa ukivitoa tangu 1991. African Storybook, ulioanza Afrika Kusini, una hadithi za bure mtandaoni kwa Kiswahili na Kinyarwanda pia, na leseni yake inaruhusu kuchapisha na hata kubadilisha maneno. Mwalimu anaweza kuiweka hadithi ile ile kwa lugha mbili ubavu kwa ubavu, Kinyarwanda huku, Kiswahili kule, na mtoto asiyeelewa sentensi akaiangalia upande wa pili bila kumsubiri mtu. Hapa Kigali, shirika la uchapishaji la Bakame limechapisha hadithi za watoto kwa Kinyarwanda tangu 1995, kwa hiyo wachoraji na wachapaji tunao.

Kinachopungua ni hadithi zenyewe za huku, zilizozaliwa katika Kiswahili cha huku. Mwaka wa shule unaanza Septemba, basi tuziandae mapema. Wewe mzee wa Biryogo uliyeendesha lori mpaka Dodoma, wewe mama uliyeuza vitenge kati ya Goma na Nyabugogo, una kisa ambacho mtoto wa darasa la nne angependa kukisoma. Nenda kwenye shule iliyo karibu nawe, mtafute mwalimu wa klabu, umsimulie. Yeye ataandika, na watoto watachora picha.