Hesabu Sahihi, Programu Mbovu

Msikilizaji, wapo wataalamu wa usimbaji fiche wanaoona maswali ya kuandika programu hayawahusu. Sikubaliani nao hata kidogo. Mwaka 2014 iligundulika dosari ya Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya intaneti. Hesabu za usimbaji fiche za OpenSSL zilikuwa sawa. Kilichokosekana ni kuhakiki urefu wa ujumbe, na kwa kila ombi kompyuta iliweza kumwaga hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake, pengine pamoja na nywila na funguo za siri. Muuza samaki wa soko la Darajani, Unguja, anayelipwa kwa simu hajali kama kosa liko kwenye hesabu au kwenye programu; anataka fedha zake zibaki salama, basi. Rai yangu kwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na vyuo vingine vya Unguja: mwanafunzi wa usimbaji fiche akiuliza swali la programu, ajibiwe.