Mzigo wa Waya: Hesabu ya Umeme Nyumbani

Wasikilizaji, watu wengi waliotiwa stima nyumbani hujua kuiwasha na kuizima, lakini hawajui kupima mzigo wanaoutwika waya. Hesabu yake haihitaji fundi. Ajuaye kuzidisha na kugawanya aweza kuifanya.

Volti ni kipimo cha msukumo wa umeme. Katika nyumba za Kenya ni 240. Ampea ni kipimo cha wingi wa mkondo upitao katika waya. Mfano wake ni tangi la maji lililowekwa juu ya mnara. Kadiri tangi lilivyo juu, ndivyo maji yasukumwavyo kwa nguvu. Walakini bomba likiwa jembamba, maji hutoka machache. Kizuizi kama hicho katika umeme huitwa ukinzani, nacho hupimwa kwa omu, kwa kumbukumbu ya Georg Simon Ohm, mwalimu wa Kijerumani aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Kanuni ni fupi: volti zikigawanywa kwa ampea, jawabu ni omu. Tena volti zikizidishwa kwa ampea, jawabu ni wati, yaani nguvu inayotumika.

Na lichukuliwe birika la umeme lenye mkondo wa ampea 10. Ukinzani wake ni omu 24, na nguvu zake ni wati 2,400. Pasi yenye mkondo wa ampea 5 ina omu 48 na wati 1,200. Hapo pana jambo liwatatizalo wanafunzi: chombo chenye ukinzani mdogo ndicho chenye nguvu zaidi, kwa kuwa hupitisha mkondo mwingi. Volti nazo zikishuka jioni hadi 192, birika lile lile hupata ampea 8 tu, na nguvu zake huwa wati 1,536. Msukumo umepungua kwa sehemu moja katika tano, lakini nguvu zimepungua kwa zaidi ya theluthi. Si ajabu chai ikachelewa.

Hatari yenyewe imo katika waya wa kurefushia. Waya mwembamba wa mita 10 huweza kuwa na ukinzani wa nusu omu, kwenda na kurudi. Ni kidogo mno, mtu atasema. Basi joto la waya hupatikana kwa kuzidisha ampea kwa ampea, kisha kwa omu. Pasi ikiwa peke yake, waya hupata kama wati 12, nao huvumilia. Birika likichomekwa pamoja na pasi, mkondo huwa karibu ampea 15, na joto hupita wati 100. Mkondo umeongezeka mara tatu, joto karibu mara tisa. Waya ukiwa umekunjwa, au umefichwa chini ya zulia, joto hilo halina pa kutokea. Mpira wake hulainika, na moto huweza kuzuka. Wala fyuzi ya ampea 13 haikatiki papo hapo kwa ampea 15. Yaweza kustahimili muda mrefu huku waya ukiungua.

Chombo kisichoandikwa ampea huandikwa wati. Wati hizo zigawanywe kwa 240, na ampea zitapatikana. Jumla ya vyombo vyote ilinganishwe na ampea zinazoruhusiwa kwa waya wenyewe, si kwa plagi tu. Na birika lichomekwe ukutani, peke yake.