Sufuria ya Pembeni: Mzio wa Chakula kwenye Meza za Mama Lishe wa Mwanza



Naomba nianze na jambo ambalo wapishi wa Mwanza wanalifanya vizuri na hawasifiwi kwalo. Ingia kwa mama lishe wa Kirumba au Igogo, sema wewe ni Msabato. Huhitaji kueleza zaidi. Kambale hatagusa sahani yako, wala kamongo, kwa sababu mpishi anajua kuwa samaki asiye na magamba yanayoonekana huli, na ukimuuliza kama sato wako amekaangwa kwenye mafuta aliyopitia kambale, hatakushangaa. Mwislamu akiuliza nyama imechinjwa na nani, anajibiwa kwa heshima. Auzaye kitimoto anajua kuwa kisu, ubao na jiko lake vinakaa mbali. Mgeni kutoka Buhaya akisema ukoo wao una muziro, hali kitu fulani, hakuna anayembembeleza aonje.

Mtu huyohuyo aseme, "Mimi karanga zinanidhuru," na jibu hubadilika: "Nimetia kidogo tu, hata hutazisikia." Kwa imani tunatenga sufuria. Kwa mwili tunamwambia mtu ajikaze. Mada yangu inaomba kitu kimoja: ustadi ambao wapishi wetu tayari wanao kwa ajili ya dini na ukoo, waupeleke pia kwa mwenye mzio.

Tutofautishe kwanza mambo mawili. Wapo ambao tumbo lao linakataa chakula. Watu wazima wengi hawamudu sukari iliyomo kwenye maziwa mabichi. Wanajaa gesi na kuharisha, ingawa mtindi hauwasumbui sana. Mwaka 2007 watafiti walioongozwa na Sarah Tishkoff walionyesha kuwa baadhi ya jamii za Tanzania, Kenya na Sudan, hasa za wafugaji, zina mabadiliko ya kijenetiki yanayowawezesha watu wazima kumeng'enya maziwa. Kwa hiyo watu wawili wa kijiji kimoja wanaweza kunywa kikombe kilekile, mmoja akalala salama na mwenziwe akakesha chooni. Huyo anateseka lakini hafi. Mzio halisi ni jambo jingine: kinga ya mwili inakichukulia chakula kama adui, midomo inavimba, vipele vinatoka, koo linabana. Hapo kidogo si kidogo. Kipimo kinachomtosha mlaji kuumia huenda kikabaki kwenye upawa.

Sasa tuingie jikoni, maana ndiko kwenye kazi. Karanga za Usukuma hazijifichi kwa ubaya. Zimetwangwa zikaingia kwenye mlenda, kisamvu na mchicha, na zikishaiva hakuna jicho linaloziona. Dagaa naye ni hivyohivyo. Akiwa mzima unamwona, lakini akisagwa akatiwa kwenye uji wa lishe wa mtoto, aliyeagiza uji hajui kama ameagiza samaki. Kuchemsha hakusaidii, kwa kuwa protini inayosababisha mzio wa samaki huhimili moto. Mafuta ya karai nayo hubeba. Chipsi zilizokaangwa baada ya sangara aliyepakwa unga wa ngano zina samaki na ngano ndani yake, hata kama mteja aliagiza viazi vitupu.

Na mashine ya kusaga. Ugali wa mahindi, muhogo, mtama au uwele hauna gluteni, ile protini ya ngano na shayiri inayowaharibu utumbo wenye ugonjwa wa siliaki. Kwa mgonjwa huyo chakula chetu cha asili ni neema kubwa. Lakini mashine iliyotoka kusaga ngano, soya na karanga za unga wa lishe huacha mabaki, na debe la mahindi linalofuata huyazoa. Anayejali akubaliane na msagaji: asagiwe baada ya mahindi ya mwingine, au kilo za mwanzo zitengwe.

Senene nao wanastahili neno, kwani msimu ukifika hufika Mwanza kutoka Bukoba kwa wingi. Wana protini inayofanana na ile ya kamba wa baharini, kwa hiyo aliyewahi kuvimba kwa kula kamba Dar es Salaam asiwajaribu kwa ushabiki.

Ulaya, tangu Desemba 2014, mgahawa unalazimika kumweleza mteja kama chakula kina kimojawapo cha vyakula 14 vinavyoleta mzio. Hapa kwetu usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu 2019, na pakiti ya dukani inaweza kusomwa. Sufuria ya mama lishe haina maandishi, na sidhani tunahitaji kumwandikisha karatasi. Tunahitaji ajibu kweli, pamoja na jibu ambalo wapishi wengi huliona la aibu: "Sina uhakika, usile." Jibu hilo naliheshimu kuliko tabasamu la kumridhisha mteja.

Kula pamoja kusivunjwe. Penye sinia moja, mwenye mzio apakuliwe kwanza, kabla mikono haijapita kutoka bakuli la karanga hadi kwenye ugali. Mwenyewe naye aseme mapema, kabla ya kuagiza, na wenzake mezani waache kumwita mwenye maringo.

Napendekeza vikundi vya mama lishe vitumie kikoba kununua kwa zamu sufuria moja, mwiko mmoja na karai dogo la kutenga kwa kila mwanachama. Pili, kila banda lijue la kufanya mtu akianza kuvimba na kukosa pumzi. Dawa ya kwanza ni sindano ya epinefrini kwenye msuli wa paja. Vidonge vya mzio havitoshi, maziwa wala mkaa havisaidii. Mgonjwa alazwe, miguu iinuliwe. Akishindwa kupumua akiwa amelala, akae na miguu aiachie imenyooka. Asisimamishwe wala kutembezwa, na asipakiwe bodaboda, kwa sababu kuinuliwa ghafla kunaweza kusimamisha moyo wake. Namba ya dereva wa gari aliye karibu iandikwe ukutani, mahali ambapo hata msichana aliyeanza kazi leo ataiona.