Mwalimu na Mtoto Aliyeona Moto



Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini Kenya, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Watoto wengi walisomea katika mahema, kambini. Tujifunze nini kutokana na miezi ile?

Kwanza, mtoto aliyeona nyumba yao ikiteketea huenda akanyamaza, akasinzia darasani, au akapigana. Huo si utundu, ni jeraha. Kiboko, kilichopigwa marufuku shuleni tangu 2001, hakiliponyi.

Pili, kengele ilie kwa saa yake, na vipindi vifuate ratiba. Aliyepoteza kila kitu hutulia anapojua saa ijayo italeta nini.

Tatu, asilazimishwe kusimulia mbele ya wenzake. Achore, acheze, akitaka kusema, asikilizwe kwa upole, wala asiulizwe kabila lake.

Nne, jeraha likizidi uwezo wa mwalimu, mzazi aelezwe na mtaalamu atafutwe.

Lakini walimu wengi nao walikimbia moto ule ule. Nani aliwasikiliza? Hilo ni jukumu letu parokiani: tumtembelee mwalimu kabla ya kumdai matokeo ya mitihani.