Pwani Moja, Mihuri Mitano

Msikilizaji, habari za mipaka hazikauki katika taarifa zetu. Hapa Mzumbe, chini ya Uluguru, bahari iko mbali, lakini Kiswahili tunachotumia kujadiliana darasani na kupatana bei sokoni kilipanda bara na misafara iliyotoka Bagamoyo na kupumzika Simbamwene, mji wa mtawala Kisabengo, ilipo Morogoro ya leo.

Je, pwani hiyo kilikotoka Kiswahili ilikuwa dola moja? Hata kidogo, tusijidanganye. Ilikuwa miji, kila mmoja na wenyewe: Mogadishu, Barawa, Lamu, Mombasa, Kilwa, hadi Sofala kwenye biashara ya dhahabu. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alishuka Mogadishu, akalala Mombasa, akafika Kilwa. Alichohitaji ni upepo wa kaskazi. Leo angegongewa mihuri ya Somalia, Kenya na Tanzania. Akitaka Ngazija na Sofala, aongeze Komoro na Msumbiji.

Kisu kiliingia 1886, Waingereza na Wajerumani walipomwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa maili 10 tu kutoka baharini. Miaka 4 baadaye Ujerumani ikanunua kipande chake kwa mark milioni 4. Naam, pwani ya Tanganyika iliwahi kuwa na bei! Kile cha Kenya kilibaki cha kukodishwa hadi 1963.

Lugha haikuingizwa kwenye mkataba huo wa 1886. Ya Barawa inaitwa Chimwiini, ya Cabo Delgado Kimwani, na mwenye sikio la Kiswahili huzitambua zote mbili kuwa ndugu.