HOTUBA YA MWENYEKITI SIKU YA KUTIMIZA MIAKA KUMI: MWENZETU MWANDISHI WA HADITHI ZA MAPENZI



Tulianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 22, na sanduku moja la bati lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake. Leo tuko 30. Habari za hisa, mikopo, marejesho na mgao ameziandika Mweka Hazina katika kitabu hiki hiki, na yeye anajua hesabu kuliko sisi, kwa hiyo hatutazirudia. Kamati imetuomba tuseme juu ya jambo moja tu, lile lililokaribia kutuvunja mwaka 2018, yaani mkopo wa kitabu cha mapenzi. Mwenyewe ametupa ruhusa. Ila jina lake tusilitaje, kwa sababu hata kwenye jalada la kitabu hakuandika jina la nyumbani.

Mwenzetu huyu anauza chai na maandazi pale stendi ya Same. Wengi wenu mmeshakunywa chai yake bila kujua kwamba mama yule anawasikiliza. Anaamka saa tisa usiku kukanda unga. Unga ukishakandwa lazima uachwe uumuke, na hapo ndipo anapoandika. Anakaa kwenye kigoda jikoni, daftari kubwa magotini, na kalamu ya risasi kwa sababu inafutika. Unga ukiumuka anafunga daftari, hata kama sentensi haijaisha. Tulimwuliza, mbona unaikata katikati? Akasema ndivyo anavyotaka. Siku nzima akikaanga na kumimina chai anautafuta mwisho wa ile sentensi, na usiku unaofuata anaukuta umeshaiva. Sisi watu wa Upareni habari hiyo tunaielewa. Ndiva zetu huko milimani hujaa usiku, maji yakiingia kidogo kidogo kutoka mferejini, na asubuhi ndipo inafunguliwa mashamba yanywe. Mfereji peke yake bila ndiva, maji yanaishia njiani.

Mawazo anayapata wapi? Anayapata hapo hapo stendi. Mabasi ya Dar es Salaam yanapita kwenda Moshi na Arusha, na ya Arusha yanashuka, na watu wanaagana. Anasema mtu anayeagana na mpenzi wake hawezi kudanganya kwa uso, hata akijitahidi. Siku moja kijana alishuka kununua maji, basi likaondoka na binti aliyekuwa naye. Kijana akabaki amesimama na chupa mbili mkononi. Wote pale walicheka. Mwenzetu naye alicheka, halafu usiku akashindwa kulala akiwaza ile chupa ya pili. Ndipo ilipoanza hadithi yake ya binti wa Mamba anayeshusha tangawizi na kondakta wa basi.

Shule yake ni ya msingi, kama sisi. Kusoma hadithi alizoea kwenye magazeti, zile hadithi za kuendelea za Eric Shigongo na wenzake. Magazeti yalikuwa yanafika na basi, na moja lilisomwa na watu kumi mpaka linachanika kwenye mikunjo. Hadithi ilikatwa pale pale ambapo roho iko juu, basi wiki nzima mnabishana atarudi au harudi. Baadaye binti yake alipofika sekondari akaanza kuleta vitabu vyenyewe nyumbani. Mtoto alikuwa anajiandaa kwa mtihani, kumbe mama naye anasoma jikoni.

Sasa tuseme makosa yetu. Mwaka 2018 alisimama kwenye mkutano akaomba shilingi 600,000 za kuchapishia kitabu. Katiba yetu ilitaja biashara, kilimo, ada na matibabu. Hadithi haikuwemo. Mmoja akauliza dhamana ni nini, mwingine akajibu dhamana ni busu, watu wakaangua kicheko. Na sisi Mwenyekiti, badala ya kutuliza mkutano, tukasema kikundi hiki hakikopeshi uongo. Maneno hayo yametoka katika kinywa hiki hiki kinachowahutubia leo. Alikaa chini. Hakusema kitu.

Mikutano mitatu hakuja. Lakini hisa yake alileta kila mara kwa mkono wa mtoto, noti zimefungwa kwenye karatasi. Mara ya kwanza hatukutazama karatasi. Mara ya pili Mweka Hazina aliikunjua, akaanza kusoma, akanyamaza, akasahau kuhesabu. Tukamwambia soma kwa sauti. Ulikuwa ukurasa wa daftari, binti wa Mamba yuko Kisiwani, mvua imekata barabara, na kondakta amemvusha mto mgongoni na yeye amekasirika kwa sababu hakuombwa ruhusa. Ukurasa ukaishia hapo. Tulikaa kama watu walionyang'anywa sahani. Mkutano uliofuata wote tulikuwa tunamngoja yule mtoto, wala si kwa ajili ya hisa. Akaleta ukurasa mwingine kabisa, wa mbele huko, msichana anaolewa na mtu tusiyemjua!

Tukamwuliza mtoto, mama yako anachana daftari? Akasema ndiyo, anafungia wateja maandazi.

Jamani. Tulikwenda stendi siku ile ile, watu saba. Tulikuta daftari limebaki jalada na karatasi chache. Tuliokota kurasa kwa madereva, kwa wauza vocha, nyingine zimelowa mafuta mpaka maandishi ya nyuma yanaonekana mbele. Kurasa 31 hazikupatikana hadi leo. Huenda ziko Arusha au Dar, na kuna abiria anajiuliza hadithi ile iliishaje.

Tulimwomba radhi, tukamwomba aje mkutanoni atueleze kazi hii ni kazi gani. Alikuja na vitabu vya mtoto ndani ya kapu, juu kafunika kitambaa cha maandazi.

Alianza na Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe aliyefariki mwaka 2020. Kilichapishwa mwaka 1971, na Kezilahabi alikiandika akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam. Ndani yake baba anampiga binti kwa ajili ya barua ya mvulana, na binti akishatoka mikononi mwa baba hajui kujilinda. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, baadaye kikaruhusiwa, watoto wakakifanyia mitihani. Mwenzetu alituambia Kezilahabi amemfundisha kutoficha mambo, lakini hakubaliani naye kwa jambo moja. Alisema, "Rosa amekufa. Wangu hafi." Tukabishana naye mpaka saa kumi na mbili, maana wapo kati yetu waliosema msichana kama Rosa katika maisha ya kweli anakufa, na kila mmoja alikuwa na jina la mtu kichwani.

Halafu akatoa Vuta N'kuvute cha Adam Shafi wa Zanzibar. Hicho tulikisoma kwa sauti mikutano mingi, tukishamaliza kuhesabu pesa. Yasmin ni msichana mdogo wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mzee mwenye duka. Anamkimbia, ndugu zake wanamkataa, anapokelewa na rafiki yake Mwajuma, na anampenda Denge anayepigana na ukoloni. Tulipofika pale anapoishi na yule mzee, mama mmoja wa umri wetu aliinuka akatoka nje. Alirudi, akasema endeleeni. Baadaye ndipo alipotuambia aliozwa akiwa na miaka 15, na kwamba hajawahi kusikia mtu akisema jambo hilo kwa sauti mbele ya watu. Tulikuwa tumeweka akiba naye miaka mitatu, tukijua mbuzi zake na madeni yake, na hilo hatukulijua.

Mwandishi huyo naye hakupata mambo kwa urahisi. Alifungwa baada ya Rais Karume kuuawa mwaka 1972, na mambo ya kifungo aliyaandika katika Haini, kilichotoka mwaka 2003. Kuli kilitoka 1979, na Vuta N'kuvute kikatoka 1999. Hesabuni wenyewe, ni miaka 20. Mweka Hazina alisema mkopaji wa namna hiyo marejesho yake yangetumaliza.

Lakini aliyetushinda kabisa ni Elieshi Lema, jirani yetu wa mkoa huu huu, mzaliwa wa Nronga, Hai. Mwaka 2001 alitoa kitabu cha Kiingereza, Parched Earth, na chini ya jina akaandika wazi kuwa ni hadithi ya mapenzi. Sisi wa darasa la saba Kiingereza hicho hatukiwezi, tukamwomba mwalimu mmoja wa sekondari atusimulie. Ni mwalimu wa kike, Doreen, anaeleza mwenyewe jinsi ndoa yake ilivyokauka, mume akitaka mtoto wa kiume. Hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Na mama huyu, mwaka 1989, yeye na mwenzake Demere Kitunga walikuwa wameanzisha kampuni yao ya kuchapisha vitabu, E & D, herufi za majina yao wawili. Wanawake wawili! Hata Ben Mtobwa, aliyetupa Dar es Salaam Usiku, alikuwa na uchapishaji wake, Heko. Mwenzetu akasema, "Mimi siombi kampuni, naomba laki sita." Hapo hatukuwa na jibu.

Tukabadili kifungu cha katiba, tukaongeza maneno "na kazi nyingine ya mikono". Katibu aliuliza kama kuandika hadithi ni kazi ya mikono. Tukamwambia atazame vidole vya yule mama.

Mkopo ulitoka mwaka 2019, baada ya yeye kuziandika upya kurasa zilizopotea. Vilichapwa vitabu 200. Tusiwadanganye, si kila kitu kilikwenda vizuri. Vitabu 14 vilikuja kurasa zimegeuka kichwa chini, na mchapaji hakukubali kuvirudia. Corona ilipoingia mwaka 2020, stendi ikapoa, na marejesho ya miezi mitano aliyatoa kwenye maandazi, wala si kwenye kitabu. Alimaliza deni na riba yake, shilingi 660,000, amechelewa miezi saba, akalipa na faini kama mtu mwingine. Hadi leo vimeuzwa 164 kwa shilingi 5,000.

Kuna na malalamiko. Ndani ya kitabu yupo mume anayevunja kibubu cha mkewe akanywee pombe. Waume watatu wa wanachama walikuja kwetu kwa nyakati mbalimbali, kila mmoja akidai ni yeye ameandikwa. Mwandishi akawajibu kwamba mtu yule alimpata kwenye maongezi ya abiria wa Arusha, habari zao wao hakuwa nazo kabisa. Wawili walinyamaza. Wa tatu yumo humu leo, tunamkaribisha.

Sasa anaandika cha pili. Tumemwuliza kinahusu nini, hasemi. Tunachojua ni kwamba daftari ni jipya, na maandazi siku hizi anafungia magazeti tu, tumehakikisha wenyewe. Usiku ukipita karibu na nyumba yake saa tisa na nusu utaona taa ya jikoni. Msimpigie hodi, unga bado haujaumuka.

Vitabu 36 vilivyobaki viko mezani pale karibu na sufuria la makande. Vile 14 vya kichwa chini vinauzwa shilingi 2,000, na vinasomeka ukivigeuza. Mkutano wetu ni Alhamisi saa nane kama kawaida, wenye funguo wasichelewe.