Malaria Hasi, Homa Ipo: Tunavyoipoteza Homa ya Papasi

Mada kwa waganga, wauguzi na wataalamu wa maabara wa zahanati na vituo vya afya



Nimeombwa nizungumzie ugonjwa wa Lyme na jamaa zake wanaoletwa na kupe. Lyme ni mji mdogo katika jimbo la Connecticut, Marekani, ambako katikati ya miaka ya 1970 ilionekana watoto wengi mno wanavimba magoti. Bakteria anayehusika alikuja kuonwa mwaka 1981 na Mswisi mmoja, Willy Burgdorfer, alipokuwa akipasua kupe kwenye maabara ya Montana. Umbo lake halikuwa geni kwake. Tasnifu yake ya udaktari, aliyoiandika Basel chini ya Profesa Rudolf Geigy, ilihusu papasi wa Afrika na bakteria aliyemo ndani yake. Geigy ndiye aliyeanzisha maabara ya Ifakara katika miaka ya 1950. Kwa hiyo kabla Lyme haijajulikana, papasi wetu alikuwa ameshamfundisha kazi mtu atakayemgundua bakteria wake.

Lyme yenyewe sitakaa nayo sana. Kupe wanaoieneza ni wa misitu na nyasi za Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Mgonjwa wake akifika zahanati ya kwetu, yaelekea atakuwa ametoka huko, na swali la kumuuliza ni la safari, kisha la duara linalotanuka kwenye ngozi. Vitabu husema duara hilo ni jekundu. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi halionekani jekundu, na huenda likaonekana kama alama ya kuvilia damu tu.

Wetu ni papasi. Tusimchanganye na kupe wa ng'ombe, anayeng'ang'ania ngozini siku kadhaa hata mtu akamwona na kumng'oa. Papasi hana macho, rangi yake ni ya udongo, na akiwa na njaa ngozi yake imekunjamana kama mkoba wa zamani. Mchana amejificha kwenye ufa wa sakafu au ukuta. Usiku hutoka, hunyonya kwa muda usiozidi nusu saa hivi, kisha hurudi ufani kabla aliyelala hajageuka. Ndiyo maana mgonjwa ukimuuliza kama ameumwa na mdudu anajibu hapana, na anasema kweli. Papasi anaweza kukaa miaka bila kula. Zaidi ya hapo, humrithisha mwanawe bakteria wa homa ya papasi kupitia mayai. Hilo Robert Koch alilionyesha mwaka 1905 katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Nyumba iliyohamwa, basi, isihesabiwe kuwa imepona. Mwaka huohuo upande wa Kongo, Joseph Dutton na mwenzake John Todd walithibitisha kuwa papasi ndiye mwenezaji wa homa hiyo, na Dutton akafa kwa homa hiyohiyo aliyokuwa akiichunguza. Jina la bakteria, Borrelia duttonii, linatokana naye.

Wenzangu wa Dodoma hawahitaji kuelezwa tembe ni nini. Ukuta wa miti na udongo hupasuka kila kiangazi, sakafu ni ya vumbi, na watoto wanalala chini. Sipendi kusikia mtumishi wa afya akimwambia mwanakijiji abomoe nyumba ya babu yake. Mwambie akandike nyufa, apige sakafu lipu akipata saruji, kitanda kikae mbali na ukuta, na chandarua chenye dawa kichomekwe vizuri chini ya godoro. Hayo anayaweza.

Sasa nifike kwenye lililonileta. Homa hii hupanda ghafla, kichwa na viungo vinauma, siku chache inashuka kwa jasho jingi, mgonjwa anarudi shambani. Baada ya wiki moja hivi inarudi, kwa sababu bakteria amebadilisha vazi lake la nje na kinga ya mwili haimtambui tena. Zamani mgonjwa huyu alichukuliwa slaidi ya damu kwa ajili ya malaria, na mtaalamu wa maabara akitafuta vimelea vya malaria alimkuta mwingine: mwembamba, amejisokota, mrefu kuliko chembe nyekundu ya damu. Tulikuwa tunamkamata kwa bahati. Siku hizi tunatoboa kidole, tunasubiri mistari ya kipimo cha haraka, kinasoma hasi, tunaandika panadol. Kipimo hakijakosea, kimeulizwa malaria kikajibu malaria. Na hata kikisoma chanya usitulie, maana vipimo vingi vya aina hii huendelea kusoma chanya wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa malaria.

Sidai tuvitupe vipimo vya haraka. Vimeokoa wengi, hasa pasipo na umeme. Ninachodai ni kwamba mgonjwa wa eneo la papasi mwenye homa na kipimo hasi, au aliyerudi na homa ileile ndani ya wiki mbili, achukuliwe slaidi, na ichukuliwe homa ikiwa juu. Ikishuka, bakteria hupungua kwenye damu na mtasumbuka bure. Kituo kisicho na hadubini kipeleke slaidi iliyokauka vizuri kituo cha jirani.

Dawa si ngumu. Doksisaiklini hutibu, na kwa mjamzito na mtoto mdogo hutumika erithromaisini au penisilini. Hatari iko kwenye saa za mwanzo. Bakteria wanapokufa kwa wingi, mgonjwa hutetemeka, joto hupanda kuliko lilivyokuwa, kisha shinikizo la damu linaweza kuanguka. Ndugu wakiona hivyo nyumbani watasema dawa imemdhuru, na dozi iliyobaki haitamezwa. Dozi ya kwanza imezwe mbele yetu na mgonjwa abaki kituoni saa kadhaa, maji ya dripu yakiwa tayari. Mjamzito alazwe kabisa, kwa kuwa homa hii huharibu mimba na huweza kumpata mtoto tumboni. Akijifungua akiwa nayo, mtoto naye achukuliwe damu, hata kama ananyonya vizuri.